Mwaka Sahani Zilipopungua

"Sahani zimepungua!"

Sauti ilitoka uani, kwa mwanamke aliyekuwa ameinamia beseni la vyombo, mikono yake imejaa povu. Ilikuwa arobaini ya Mwalimu Kibwana, kwao Maneromango, wiki chache zilizopita. Kisomo kilikuwa kimekwisha, pilau ilikuwa inapakuliwa, na waliokuja walikuwa wengi kuliko vyombo vilivyoazimwa. Hakuna la ajabu hapo. Sijawahi kuona shughuli ambayo sahani zimetosha. Lakini mimi nilishtuka kama mtu aliyeitwa jina lake, nikageuza shingo kuelekea upande wa wanawake, na kule, katikati ya kanga na mitandio, mdogo wangu Zuhura alikuwa ameshageuka ananitazama. Hakucheka. Aliinua nyusi tu, halafu akaendelea kukatakata kachumbari. Sisi ni watu wazima sasa. Mimi nina wajukuu, na yeye ni mwalimu wa michezo anayekaribia kustaafu. Lakini kwa maneno yale mawili tulikuwa tumerudi Mkuza, kule Kibaha, kwenye chumba kile, katika mwaka ambao sikuweza kukaa kitako.

Wazazi walikuwa wameshatutoka, na hilo naliacha hapo. Tulibaki watatu: mimi Athumani, mkubwa, niliyekuwa nimeacha shule, Zuhura, aliyekuwa anamaliza sekondari, na Rehema, kitinda mimba, aliyekuwa bado shule ya msingi na mdomo wa mtu mzima. Tulipanga chumba na sebule kwa Mama Eliza, mjane wa Kilutheri aliyetoka Maneromango, ambaye jikoni kwake kulikuwa na redio isiyozimwa na mdomoni mwake hadithi isiyoisha. Chumbani walilala wasichana. Mimi nililala sebuleni, juu ya godoro ambalo mchana lilisimamishwa ukutani, na ukutani hapo hapo nilikuwa nimepigilia msumari wa kutundika sinia. Lile sinia ndilo lilikuwa meza yetu. Nilikuwa nimeweka sheria moja tu katika nyumba ile, kwamba tunakula sinia moja. Ukichelewa tunakungoja, ukinuna utanuna huku unakula. Sahani zilikuwa za kazini, kwenye kibanda changu cha supu. Nyumbani hazikuingia.

Zuhura alikuwa na mambo yake. Hakuingia ndani bila kunawa miguu. Awe ametoka shuleni, awe ametoka mbio, awe ametoka tu kuanua nguo kwenye kamba, lazima ainame, amwagie miguu maji, asugue kisigino kwa kisigino, ndipo aingie. Kopo la maji lilikaa nje ya mlango kwa ajili yake. Rehema alimwita Bi Miguu. "Bi Miguu, maji yatakwisha Ruvu!" alipiga kelele kutoka ndani, na Zuhura alimjibu kwamba uchafu wa Rehema peke yake ungetosha kuujaza huo mto. Nilizoea sauti ya maji yale. Nikiisikia nilijua wote watatu tuko ndani, na angalau kwa jioni hiyo nilikuwa nimemaliza kazi.

Mwalimu Kibwana alikuwa mwalimu wa michezo shuleni kwa Zuhura, mtu mwembamba mwenye baiskeli ndefu na kofia isiyotoka kichwani. Zuhura alipokimbia, yeye alimfuata nyuma kwa baiskeli, na mara nyingi alirudi yeye amechoka kuliko mkimbiaji. "Huyu mtoto hakimbii," aliniambia mara ya kwanza alipokuja kibandani. "Huyu anasahau kusimama." Ndiye aliyeleta habari kwamba klabu moja ya riadha ya Dar es Salaam ilikuwa inatafuta wasichana wa mbio ndefu. Atakayechukuliwa atapewa kitanda, chakula, mtu wa kumfundisha, na kusomeshwa hadi atakapofika. Aliposema kusomeshwa alinitazama mimi, si Zuhura. Alijua anazungumza na nani. Mimi nilikuwa nimeyaacha madaftari yangu ili Zuhura asiyaache yake, na baada ya kidato cha nne sikuwa na mahali pengine pa kumpeleka. Mbio zake zilikuwa zimeshatosha. Mwalimu aliwaonyesha watu wa klabu, wakaridhika. Kilichobaki kilikuwa kupimwa afya, na hilo nililiona kama kusafisha viatu kabla ya safari.

Kibanda changu kilikuwa karibu na hospitali, kwa hiyo asubuhi wateja wangu wengi walivaa makoti meupe. Niliuza supu ya utumbo, maini, mapafu na bandama, na chapati za moto. Siku moja walikuja vijana wawili waliokuwa wanasomea udaktari, wakakaa meza ya mwisho, wakaagiza bandama, wakaanza kubishana. Nilikuwa napindua chapati, mgongo wangu uko kwao, lakini masikio ya muuza supu hayana mgongo.

"Mzee, ukimtoa damu mtu aliyetoka kukimbia mbio ndefu, lazima utakuta sahani ziko juu," mmoja alimwambia mwenzake.

"Zitoke wapi?"

"Si kwenye bandama? Bandama inazimwaga."

Nilisikia vizuri kabisa. Sahani, bandama, inamwaga. Nikageuka nikazitazama sahani zao, na kweli zilikuwa zile bapa, zisizo na kina. Nikafuta mikono, nikaenda pale kwa heshima zote.

"Samahani sana madaktari. Sahani za kina zimekwisha. Ngojeni niwaletee mabakuli, hiyo bandama isimwagike tena."

Walicheka hadi mmoja akapaliwa na pilipili, mwenzake akawa anampiga mgongoni huku naye machozi yanamtoka. Ndipo waliponieleza. Katika damu ya mtu, waliniambia, mna chembe ndogo bapa zinazoitwa chembe sahani. Ukijikata, hizo ndizo zinazokimbilia pale penye tundu na kuliziba. Nyingine hupumzika ndani ya bandama, na mtu akifanya kazi nzito kwa muda mrefu, zile zilizopumzika hutolewa nje na kuingia kwenye mzunguko.

"Kama kazi yake ni kuziba, kwa nini mnaziita sahani?" niliuliza. "Ziitweni viraka."

"Bosi, ungepewa wewe kazi ya kutunga majina, darasa zima lingefaulu."

Jioni niliwasimulia wadogo zangu mbele ya sinia, kwa sauti za wale vijana, hata kule kupaliwa nikawaigizia. Rehema alijitupa chini kwa kucheka. Tangu siku hiyo, mtu akimwaga chochote ndani ya nyumba ile tulisema bandama imemwaga sahani. Zuhura naye alicheka, lakini alitulia kabla yetu. Mkono wake ulikuwa umekaa juu ya paja, kama mtu anayefunika kitu.

"Na zikipungua?" aliuliza.

"Unaazima kwa jirani," nilimjibu.

Nikiangalia nyuma naona kwamba swali lile lilikuwa limelala mezani mbele yangu, na mimi nikalipita kwa mzaha. Sijilaumu sana. Mtu wa umri wangu wakati ule, mwenye wasichana wawili wa kulea, alikuwa na mambo mengi ambayo hakutakiwa kuyaona. Nguo zao sikuzianua mimi. Ndoo zao sikuzisogeza. Kulikuwa na pazia kati ya sebule na chumba, na pazia lile nililiheshimu kama ukuta. Aliyekuwa upande wa pili wa pazia ni Mama Eliza, na ndiye aliyeniita jikoni kwake, akapunguza sauti ya redio, jambo ambalo sikuwahi kumwona akilifanya.

"Athumani, baba, mdogo wako anaumwa."

"Yupi?"

"Mkimbiaji wako. Na usinitazame hivyo, mambo haya ya kike nakwambia wewe kwa sababu mama yenu hayupo. Siku zake hazikatiki. Asubuhi akipiga mswaki anatema damu. Na mapajani ana madoa meusi kama mtu aliyepigwa. Nimemuuliza nani kakupiga, ananiambia amejigonga kwenye kabati. Ninyi mna kabati?"

"Hatuna kabati."

"Basi na mimi nilijiuliza hivyo hivyo."

Nilimpeleka hospitali kesho yake, sikufungua kibanda. Daktari alikuwa mama wa makamo mwenye mikono ya baridi; nilijua ni ya baridi kwa jinsi Zuhura alivyoruka alipobonyezwa tumbo upande wa kushoto. Alibonyeza, akasikiliza, akabonyeza tena, akauliza kuhusu homa. Tukasema zipo, zinakuja na kuondoka, tunazizima kwa vidonge vya dukani. Alitutazama kama watu waliokuwa wanazima moto kwa kuufunika na kanga. Damu ikapimwa, akatuita ndani, akasema bandama imekua kwa hizo malaria zisizotibiwa vizuri, na kwamba chembe sahani zimepungua sana.

Mimi nikacheka. Haikuwa furaha, ulikuwa ule mzaha wetu uliotoka wenyewe kabla sijauzuia. Daktari aliweka kalamu chini.

"Kaka yake, unacheka?"

"Hapana, dokta."

"Bandama ikikua inazifungia ndani. Zinazozunguka zinabaki chache. Atameza dawa miezi mingi, na itanywea, na zitarudi. Lakini mpaka hapo, mbio basi. Akianguka akajigonga kichwa, au akapigwa hapa ubavuni, hatuna cha kuzibia."

Zuhura aliuliza swali moja, kwa adabu, kama mwanafunzi: je, wiki chache hazitoshi? Daktari alimwambia mwili hauna kalenda ya klabu. Njiani kurudi alitembea mbele yangu, nami niliyatazama yale mashavu ya miguu yake, magumu kama mpini wa jembe, nikashindwa kuelewa mtu mwenye miguu ile ataambiwaje anaumwa.

Basi nikaanza kumlisha. Nilimtengea maini kila siku kabla sijawauzia wateja. Nilichemsha rozela mpaka sufuria ikabaki na rangi. Matembele, mchicha, dagaa. Mama Eliza alileta kiazi chekundu kutoka kwa jamaa yake wa Gwata akasema kinaongeza damu kama unavyoona mwenyewe rangi yake. "Kaka, kilichopungua si damu, ni sahani," Zuhura aliniambia. "Basi kula sahani," nikamwambia, na Rehema akamsogezea sinia zima. Tulicheka, lakini mimi wakati huo nilikuwa mtu asiyetulia. Nililala nikisikiliza anavyopumua ng'ambo ya pazia. Niliamka kabla ya muda na kuanza kufagia uwanja uliofagiliwa. Mteja wangu mmoja mzee aliniambia, "Athumani, chapati zako siku hizi zina haraka, hazijaiva zinataka kuondoka." Kila Zuhura alipotoka nilimuuliza anakwenda wapi, na kila aliponijibu kwamba anakwenda kutembea, nilitazama kama amevaa viatu vyake vya mbio au ndala. Alivaa ndala. Viatu sikujua vilikuwa wapi.

Mwalimu Kibwana alipokuja kusema kwamba kipimo cha klabu kitafanyika hospitalini Kisarawe, tulikaa sebuleni wanne, na Rehema akajifanya anasoma. Nilimweleza Mwalimu yote. Alivua kofia, akaishika magotini. Hakusema tuwafiche watu wa klabu na hakusema tukatae. Alisema, "Damu ndiyo itakayosema. Ikisema ndiyo, aende. Ikisema hapana, mwanangu, dunia haina mwaka mmoja." Nilimuuliza Zuhura kama anakubali. Alikubali upesi, kwa sauti nyepesi, na mimi ambaye nilikuwa nimejiandaa kwa ugomvi nilibaki na maneno yangu mdomoni. Nilipaswa kujua. Zuhura hakuwahi kukubali jambo upesi, hata kupewa mwavuli.

Siku yenyewe alisema atatangulia na gari la kwanza, mimi niwahudumie wateja wa asubuhi kisha nifuate. Nilisikia akifungua mlango baada ya adhana ya alfajiri. Sikusikia chochote kingine. Mimi nilipita njia ya magari kama kila mtu: Kibaha hadi mjini, mjini hadi Gongo la Mboto, kupanda Pugu hadi Kisarawe, lami karibu yote. Kuna njia nyingine, ya mkato, inayokata vichakani kutoka upande wetu hadi kule, lakini wakati ule ilipitwa na malori ya mkaa na watu wenye baiskeli. Ni ya vumbi jekundu mwanzo hadi mwisho, na mwisho wake ni mlima.

Nilimkuta Zuhura na Mwalimu kwenye benchi la nje ya chumba cha daktari. Damu ilikuwa imeshatolewa na majibu yameshatoka. Mwalimu aliponiona alisimama, akanikumbatia mpaka kofia ikaanguka. "Ziko ndani ya kiwango! Chini chini, lakini ziko ndani! Dokta amesema ataandika apokelewe!" Mimi nikasema Alhamdulillahi, nikaisema tena, nikakaa. Zuhura alikuwa amekaa ameegemea ukuta, anakunywa maji kutoka kwenye dumu, anakunywa bila kupumua, ametulia kuliko nilivyomwona kwa miezi. Nilitaka kumshika kichwa. Mtandio wake ulikuwa umeteleza ukaanguka chini ya benchi, nikainama kuuokota, nikaiona miguu yake. Alikuwa amevaa ndala. Vumbi jekundu lilikuwa limempanda hadi kwenye muundi, limekauka, na jasho lilikuwa limechora mifereji ndani yake. Kwenye vifundo kulikuwa na mstari safi, mahali ambapo soksi na viatu vilikuwa vimekaa muda mrefu kabla ya kuvuliwa.

Niliketi na ule mtandio mkononi. Mwalimu alikuwa bado anaongea, anapanga godoro gani litafaa na sanduku litaazimwa kwa nani.

"Umekuja na gari gani?" nilimuuliza Zuhura, taratibu.

"La kwanza."

"La rangi gani?"

Akanywa maji.

"Zuhura. La rangi gani?"

"Kaka, usianze."

"Bandama imemwaga sahani," nikamwambia.

Alifunga dumu, akalishikilia kwa mikono miwili. Mwalimu akatutazama, akaitazama miguu ya Zuhura, na nikamwona akikaa chini polepole kama mtu aliyeona kiti kiko mbali. Hakuwa anajua. Mpaka leo naamini hakuwa anajua.

"Wewe mwenyewe ulitusimulia," Zuhura alisema kwa sauti ya chini. "Ulicheka mwenyewe. Nimekimbia kutoka Mkuza hadi hapa na sikuanguka. Sikutoka hata damu puani. Kama ningekuwa mgonjwa ningeweza? Niambie, ningeweza?"

"Daktari alisema..."

"Daktari huyu amesema niko ndani ya kiwango. Si tulikubaliana? Damu ndiyo itakayosema. Imesema."

"Imesema baada ya kukimbizwa."

"Wewe uliacha shule." Sasa machozi yalikuwa yanamtoka, lakini sauti haikutikisika. "Wewe ulishaacha, mimi ndiyo naacha hivi, na Rehema ataacha. Tutauza supu wote watatu. Ukiingia humo ndani, Kaka, usinisemeshe tena."

Nimewahi kusikia watu wakisema kwamba katika saa ya namna ile mtu hujua tu la kufanya. Mimi sikujua. Nilisimama, nikatembea hadi mwisho wa kibaraza, nikarudi, nikaenda tena. Mgonjwa mmoja aliyefungwa bandeji aliniuliza kama natafuta choo. Nilifikiria kitanda, kocha, madaftari mapya. Nilifikiria yule mama wa mikono ya baridi akisema hatuna cha kuzibia. Nilifikiria kwamba Zuhura akianguka kwenye mbio huko mjini, hatakuwepo mtu wa kusikiliza anavyopumua ng'ambo ya pazia. Kilichonisukuma hatimaye hakikuwa hekima. Nilishindwa tu kuvumilia kuiona ile miguu ikiwa michafu. Mtu ambaye hawezi kuvuka kizingiti bila kunawa alikuwa amekaa na vumbi la njia nzima mwilini, na nikaona kwamba hofu ya kukosa nafasi ilikuwa imemtoa kwenye tabia yake mwenyewe. Hivyo ndivyo nilivyolielewa siku ile. Niligonga mlango, nikaingia.

Daktari wa klabu alikuwa mzee mwenye miwani. Alinisikiliza bila kunikatiza, kisha akavua miwani.

"Kutoka Kibaha? Kwa miguu?"

"Kwa kukimbia, shikamoo, samahani, ndiyo."

"Marahaba. Na bandama aliambiwa imekua?" Alitikisa kichwa, na sikujua kama ni kwa hasira au kwa kuvutiwa. "Kwamba mbio zinapandisha chembe sahani, hilo nalijua. Nisichoambiwa ni kwamba alikimbia. Sikiliza, kijana. Siku ya Idi ukipita mtaani utasema watu wameongezeka. Hawajaongezeka. Wametoka tu nje. Jioni watarudi ndani, na mtaa utakuwa ule ule. Na isitoshe zikikimbizwa hivyo zinakuwa na wasiwasi, zinashikana ovyo, baadaye zinachoka. Wingi wake hauniambii kama zitaziba." Akavaa miwani. "Mlaze pale kitandani. Asiinuke hata kwenda chooni bila kuniambia."

Zuhura alilala ametazama ukuta hadi baada ya adhuhuri. Mwalimu alikwenda kuswali, akarudi, akakaa. Hakuna aliyekula. Damu ikatolewa tena, tukangoja tena, na daktari alipotoka hakuhitaji kusema mengi. "Mtaa umerudi ulivyokuwa," alisema, akaniwekea mkono begani, akaingia ndani. Nafasi ile ilikwenda kwa msichana mwingine. Nilikuja kulisikia jina lake kwenye redio ya Mama Eliza, na kila lilipotajwa nilipata kisingizio cha kwenda kuchota maji.

Jioni ile Zuhura aliingia ndani, na sikusikia sauti ya maji mlangoni. Nilipotandika mkeka na kuweka sinia, alikwenda kwenye kapu la vyombo vya kibandani, akachukua sahani moja, akajipakulia chakula chake, akakaa kwenye kona na mgongo wake kwetu. Rehema alimtazama, akanitazama mimi.

"Tumekuwa hoteli?" aliuliza.

Na hivyo ndivyo tulivyokula kwa miezi. Alikuwa na adabu zote: alinisalimia asubuhi, alimeza dawa zake bila kukumbushwa, alinisaidia kuosha sufuria. Lakini neno lisilo la lazima hakunipa, na kila jioni ile sahani ilitoka kapuni. Mwili wangu ulikataa kutulia. Nilihamisha meza za kibanda kila wiki, wateja wakawa wanajigonga. Nilitembea hadi kituo cha Picha ya Ndege na kurudi bila shida yoyote. Mama Eliza aliniambia, "Wewe ndiye ungeshinda hizo mbio." Kulikuwa na usiku niliojiambia nimemwokoa, na asubuhi yake nikajiambia nimemwibia, na kwa yote mawili sikuwa na mtu wa kumuuliza. Mwalimu Kibwana peke yake hakuacha kuja. Alileta saa yake ya kupimia mbio, akampa Zuhura aishike kwa ajili ya wasichana wengine, akamwambia yeye macho yake yamezeeka. Uongo, aliona nzi kwenye supu yangu kutoka barabarani. Zuhura alikaa kwenye jiwe pembeni ya uwanja na ile saa, na siku moja nikampita nikamsikia akimfokea msichana, "Unasahau mikono! Mikono ndiyo inayovuta miguu!" Nikasimama nyuma ya ukuta nikamsikiliza mpaka supu ikaungua.

Mwaka ulipokaribia kwisha alikwenda hospitali peke yake. Sikuambiwa majibu. Jioni nilikuwa nimeinamia sinia, wali na maharage, nikasikia nje maji yakimwagika, kisigino kikisugua kisigino. Zuhura akaingia. Kapu akalipita. Akakaa mahali pake pa zamani, akanyoosha mkono kwenye sinia, akala. Rehema alifumbua mdomo, nikamfinya paja, akaufunga. Kesho yake Mama Eliza aliniambia kwamba bandama imenywea na zile sahani zimerudi. Yeye alikuwa ameambiwa. Mimi niliambiwa kwa mkono ule ulioingia kwenye wali, na nilitosheka. Tangu hapo tumekula pamoja mara zisizohesabika, harusi, misiba, Idi, lakini siku ile ya Kisarawe hatukuwahi kuitaja. Alikuja kusomea ualimu, akafundisha wasichana kukimbia Kisarawe nzima, akazaa, akawa mtu mzima. Mimi nilibaki na swali langu, nikazeeka nalo.

Wageni wa arobaini walipopungua, Zuhura alikuja nyuma ya jiko nilikokuwa nimekaa na sahani moja ya pilau.

"Zimepungua kweli," alisema. "Tule hii hii, Kaka."

Alikaa kwenye kigoda, sahani tukaiweka katikati. Tulikula kidogo. Kisha, bila kuniangalia, akasema Mwalimu alimuuliza jambo kabla maradhi hayajamzidi. Alikuwa amekwenda kumjulia hali, na mzee, kutoka kitandani, akamuuliza: siku ile Kisarawe, kwa nini hukunawa miguu?

Nililirudisha tonge kwenye sahani. "Ukamjibuje?"

"Nikamwambia nilisahau."

Akautenga mfupa pembeni, akanisogezea nyama.

"Bomba lilikuwa pale pale mlangoni pa hospitali. Viatu nilivua hapo, nikavificha nyuma ya ukuta. Nikalitazama lile bomba. Nikalipita. Nilijua wewe utaitazama miguu." Alitafuna. "Lakini usije ukadhani nilikuwa naigiza. Nilikukasirikia kweli kweli."

"Sijadhani."

"Basi."

Uani waliita tena kwamba kuna wageni wamefika na sahani hakuna. Zuhura aliikwangua ile yetu kwa kidole, akainuka nayo. Mlangoni pa jiko kulikuwa na kopo la maji. Aliweka sahani chini, akainama, akainua gauni kidogo, akaanza kunawa miguu kabla ya kuingia, kisigino kwa kisigino, polepole, na huko ndani walikuwa wanamwita. Mimi nilikaa kitako nikamtazama mpaka akamaliza.